Arobaini na Moja

Skrini yasema ishirini na tisa.
Mimi nimezihesabu kwa miguu, ngazi hadi ngazi,
kuanzia mapokezi hadi kule chini kwa maiti:
arobaini na moja.
Zinawaka. Zinachapa risiti za duka la dawa.
Ile ya kliniki ya wajawazito imebandikwa stika ya Gor Mahia.
Zipo. Ila seva haizijui.

Daktari Mutheu ananiuliza mlangoni,
"Kama zipo, mbona hazipo?"
Sina jibu. Naomba chai.

Nilianza na yale ya kawaida.
Nikachomoa kebo, nikapuliza vumbi la Barabara ya Jogoo
kwenye matundu ya swichi.
Nikabisha hodi, mashine kwa mashine, kwa anwani yake,
na kila moja ikaitika karibu
kabla sijaondoa kidole.
Nikakagua ngome: lango liko wazi.
Nikakagua saa: zinakwenda pamoja,
isipokuwa ya eksirei, iliyo nyuma dakika nne
kama wenyewe.

Kisha nikaona kitu.
Asubuhi orodha ilikuwa na MAABARA-2.
Saa sita MAABARA-2 haimo, mahali pake imekaa DAWA-1.
Saa nane DAWA-1 nayo imeondoka,
imekaa WAJAWAZITO.
Kiti kimoja, zinapokezana.

Barasa, fundi aliyenitangulia,
aliandaa mashine moja vizuri, kwa siku mbili,
kisha akainakili mara kumi na mbili kwa usiku mmoja.
Simlaumu. Mshahara ulikuwa ule ule.
Majina alizibadilishia zote.
Ila ndani kabisa, chini ya majina,
aliziachia namba moja ya utambulisho.
Seva husoma namba. Jina kwake ni shati.

Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, dirisha la usajili, Makadara.
Apiyo alitangulia, kama alivyotangulia kuzaliwa.
Nilipofika mimi karani akatazama fomu:
baba yule yule, mama yule yule, siku ile ile.
"Wewe nimeshakuandika."
Nikamwambia mimi ni Adongo.
"Umebadilisha jina tu."
Apiyo akaja akasimama kando yangu, mabega yakigusana.
Karani akatutazama, akarudi kwenye karatasi,
akaiamini karatasi.
Miezi saba nilipita barabarani
na kitambulisho cha dada yangu mfukoni,
naye akibaki ndani siku nilizotoka mimi.

Basi nafuta kwanza kile kiti chenyewe kwenye orodha:
ishirini na nane.
Kisha naziendea moja moja, kwa mkono,
ingawa ningeweza kuandika amri moja ikamaliza zote.
Nasimamisha huduma. Nafuta namba ya kurithi.
Nawasha tena, naiambia: nenda kajitambulishe mwenyewe.
Halafu kungoja. Seva haina haraka na mtu.

Ishirini na tisa, tena. Thelathini.
MAABARA-2 imerudi, na DAWA-1 haikuondoka.
Chai imeganda utando.
Saa kumi na moja jioni: arobaini.

Nashuka chini.
Mashine ya kumi na tatu imezimwa,
kwenye soketi yake inachajiwa simu ya Nyaboke.
"Nimebisha hodi huku tangu saa tisa," namwambia.
"Huku, mwanangu," asema bila kuinua uso, "hatuna mazoea ya kuitika."
Achomoa simu. Asilimia kumi na nne.

Tunangoja iwake, sisi wawili.
Daftari lake liko wazi katikati yetu.
Mistari mitatu ya leo haina majina,
ina namba tu, kwa mwandiko mzuri,
na nafasi iliyoachwa.